Mtihani Aliofeli Perpetua

Cheti kikiwa kizito, nilikishuku kwanza. Msicheke, ninyi mnaokaa leo katika ofisi za ajira mkipokea vyeti vya watu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa ofisi ya utumishi ya kiwanda kidogo cha chokaa, upande wa Osukuru, nje ya mji wa Tororo. Nilipokea vyeti vya biashara vilivyotoka Uingereza, vya uhasibu, ukatibu wa kampuni na usimamizi wa mauzo, nikasema kila kimoja kina thamani gani na mwenye nacho aanzie daraja lipi la mshahara. Vilivyokuja na utepe, lakiri nyekundu na herufi za dhahabu niliviweka kushoto mwa meza. Kulia niliweka vikaratasi vyembamba vilivyopigwa taipu, ambavyo mtu asiyejua angefungia karanga.

Vyama vya wahasibu vya London havikuwa na haraka ya kupamba. Ukifaulu sehemu ya kwanza ya mtihani, walikutumia kikaratasi. Ukifaulu ya pili, kikaratasi kingine. Ukifeli, kikaratasi vilevile, cha ukubwa uleule, na salamu zilezile za heshima chini. Cheti cha kutundika ukutani kilikuja mwisho kabisa, baada ya mitihani yote, na baada ya mwanachama kamili wa chama hicho kutia sahihi kwenye fomu kwamba ameiona kazi yako kwa miaka mitatu na ameridhika nayo. Vyuo vya posta vilikuwa kinyume. Ulituma ada, ukajibu masomo ukiwa nyumbani, na kabla mwaka haujaisha unapokea cheti kikubwa kama sinia la chai.

Aliyenifundisha haya ni Bwana Ramji, mhasibu mkuu wa kiwanda. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, aliyechonga penseli zake mwenyewe kwa wembe. Nilipoanza kazi nilimpelekea cheti cha kijana wa Molo chenye picha ya simba wawili, nikamwambia huyu tumpe daraja la juu. Hakukisoma. Alikigeuza nyuma, akakirudisha.

"Sadiki, usiniambie cheti kinasema nini," alisema. "Niambie kimekataa watu wangapi."

Ilinichukua muda kuelewa. Mtihani ambao nusu ya watahiniwa hurudi nyumbani mikono mitupu, aliyeupita amevuka kitu. Mtihani usiomkataa mtu ni risiti. Na sikuwa na njia ya kuwauliza London kila mara, maana barua ilichukua wiki nyingi kwenda na kurudi, kwa hiyo Bwana Ramji alinizoesha kumuuliza mtu mwenyewe. Muulize alifanyia mtihani wapi. Muulize nambari yake ya mtahiniwa. Watu walioufanya kweli waliikumbuka nambari ile kuliko siku waliyooa, kwa sababu mle ukumbini huna jina. Halafu, mwishoni, kama unaongea tu, muulize ni somo gani lilimtesa.

Mtu wa kweli hapo hukaa vizuri kwenye kiti. Atakueleza somo alilofeli, swali lenyewe, na alichopaswa kuandika. Wa uongo hakufeli kitu. Mmoja aliniambia mtahini alisafiri kutoka London akamshika mkono ukumbini na kumsifu. Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka getini. Mtahini wa London hajawahi kumwona mtu yeyote. Humwona kwa mwandiko tu.

Mwaka 1972 Wahindi walipoamriwa kuondoka, Bwana Ramji aliacha penseli zake mezani zikiwa zimechongwa, akapanda treni. Ofisi ya hesabu ikabaki na watu wachache. Nafasi zikawa nyingi, na vyeti vikaanza kuingia kwa wingi nisiowahi kuuona. Watu walisimama foleni kwa ajili ya sukari na sabuni, na wengine kwenye mlango wangu kwa ajili ya daraja. Kuna mmoja ambaye herufi zilizofuata jina lake zilikuwa ndefu kuliko jina. Na msidhani vyeti vile vilichapwa vichochoroni. Vingi vilitoka London kweli, kwa bahasha ya kweli na stempu ya kweli yenye kichwa cha malkia. Tatizo halikuwa mahali vilikotoka.

Kiwanda kilipewa meneja mpya, kapteni wa jeshi. Nitamwita Kapteni tu. Alikuja na kofia, redio na mhuri wa kiwanda, ambao tangu siku hiyo ulikaa ndani ya droo yake na si ofisini kwangu. Hati yoyote iliyohitaji mhuri ilipita mbele ya macho yake.

Sasa nimtaje Perpetua. Alikuwa Msamia, mama wa watoto watatu, karani wa hesabu aliyelelewa kikazi na Bwana Ramji. Alisomea uhasibu wa London usiku baada ya kulaza watoto, akafanya sehemu moja baada ya nyingine, na matokeo ya sehemu ya mwisho yalifika miezi michache baada ya Bwana Ramji kuondoka. Alikuwa amefaulu yote. Alikuwa na vikaratasi vyake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Lakini cheti chenyewe hakuwa nacho, kwa sababu mtu wa kutia sahihi alikuwa amepanda treni na hatukujua ameshukia wapi. Tororo nzima haikuwa na mwanachama mwingine hata mmoja.

Kwa muda hilo halikumsumbua sana. Mshahara wake nilishauweka mahali pake. Kisha mume wake, mwalimu mkuu wa shule moja ya Merikit, alichukuliwa na watu waliokuja kwa gari lisilo na nambari. Hakurudi. Wiki iliyofuata Perpetua alikuja kazini kama kawaida, akaketi, akafungua vitabu. Hakuna aliyemuuliza kitu, wala yeye hakusema. Ndivyo tulivyoishi. Lakini jirani alimnong'oneza kwamba wale watu wamerudi kuulizia mke, na yeye akawapeleka watoto kwa mama yake, ng'ambo ya Busia, upande wa Kenya. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na bibi kuwachukua wajukuu wake halikuwa jambo la kushangaza mtu.

Yeye mwenyewe alihitaji kazi huko. Kampuni moja ya Kisumu ilikuwa tayari kumwajiri, kwa sharti moja. Wakenya walikuwa wamechoshwa na karatasi za kwetu. Kila aliyevuka alikuwa na cheti na hadithi. Walisema hawatazami barua ya kiwanda wala cheti cha chuo cha Uganda. Alete fomu ya uanachama wa London iliyokamilika, yenye sahihi ya mwanachama na mhuri wa mwajiri. Hapo ndipo nilipoelewa thamani nyingine ya vikaratasi vile, ambayo Bwana Ramji hakunitajia. Vilikuwa ndizo karatasi pekee katika mji wetu zilizokuwa na maana ileile Tororo na Kisumu.

Perpetua alileta fomu mezani kwangu. Tulikuwa na mapengo mawili, mhuri na sahihi.

La sahihi alilifikiria yeye mwenyewe. Chokaa yetu ilivushwa Busia na kupokelewa na wakala wa upande wa Kenya, na kila mwisho wa mwezi hesabu zetu na zao zilipaswa kupatanishwa kwa barua. Mhasibu wao, Bwana Odhiambo, alikuwa mwanachama kamili wa chama kilekile cha London. Hakuwahi kumwona Perpetua. Lakini kwa zaidi ya miaka mitatu alikuwa akisoma kazi yake kila mwezi na kugombana naye. Ugomvi wao ulikuwa wa magunia. Yeye alidai magunia yaliyopasuka yalifika yamepasuka. Perpetua, aliyetia sahihi barua zake kwa herufi P.N. tu, alimjibu kwamba yalivuka yakiwa mazima. Barua zao nilizisoma kwa starehe kuliko gazeti.

"Huyo ameiona kazi yangu kuliko mtu yeyote aliye hai," Perpetua aliniambia. "Hata kama hanipendi."

La mhuri likabaki kwangu. Niliweka fomu yake kwenye faili la hati za kugongwa, pamoja na vikaratasi vyote, nikalipeleka kwa Kapteni nikitumaini kwamba atagonga bila kusoma, kama alivyofanya mara nyingi.

Hakugonga. Aliniita, akasema nifunge mlango. Mezani palikuwa na bastola yake, ikizuia karatasi zisipeperushwe na feni, kama siku zote. Upande mmoja lilikuwa faili la Perpetua. Upande wa pili kulikuwa na cheti cha usimamizi wa biashara kutoka London, kina utepe, kina lakiri, kina jina lake.

"Sadiki, watu wanasema wewe najua hizi vitu," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. "Hii yangu iko daraja gani?"

Nawaeleza hesabu niliyopiga, maana ninyi pia mtaipiga siku moja, pengine mbele ya mkubwa asiye na bastola. Nikisema ni daraja la kwanza, ameridhika. Lakini dakika inayofuata ataniuliza kuhusu vikaratasi vya yule mama, na nikimwambia navyo ni vya daraja la kwanza, ataona ninasifu kila kitu kinachowekwa mbele yangu. Neno langu lilikuwa moja. Nikiliharibu kwenye cheti chake, halingemfaa Perpetua.

"Afande," nilisema, "chuo hiki kipo, na cheti hiki ni chao kweli. Lakini hakijawahi kumkataa mtu."

"Hata moja?"

"Aliyelipa ada, sijamsikia."

Alikitazama cheti.

"Masomo yote mimi najibu," alisema taratibu. "Wananiandikia, vizuri sana, vizuri sana. Somo moja najibu niko na malaria, sijui hata naandika nini. Wakaandika vizuri sana." Alikisukuma kando kwa kidole. "Hata koplo wangu anaona mimi nikikosea. Na huyu mama, nani alimkataa?"

"London, afande. Somo la sheria ya kampuni. Mara mbili."

"Anaficha?"

"Hapana. Karatasi za kufeli ziko humo, chini ya zile za kufaulu."

Hilo nilikuwa nimemwagiza Perpetua mwenyewe. Wengi walizichoma. Mimi siku zote niliwaambia wazitunze, kwa sababu hakuna anayeghushi karatasi ya kufeli. Kapteni alizitoa, akaziweka moja kando ya nyingine, akazisoma mpaka zile salamu za heshima chini. Kisha akaagiza mama aitwe.

Perpetua aliingia akasimama. Aliona faili lake limefunguliwa na akajua.

"Mama," Kapteni alimuuliza, "kwa nini ulifeli hii?"

"Mara ya kwanza sikuijua sheria, afande. Mara ya pili niliijua, lakini nilikuwa nimetoka kujifungua, nikasinzia katikati ya swali."

"Na mara ya tatu?"

"Mara ya tatu nilikuwa na hasira."

Kapteni aliguna. Sikujua kama ni kicheko. Alifungua droo akatoa mhuri, akaushika bila kuushusha.

"Nikipiga hapa," alisema, "Jumatatu utakuwa kazini?"

Nimewahi kukaa kwenye usaili wa mamia ya watu, na sijasikia swali gumu kuliko lile. Akisema ndiyo, ni uongo wa wazi. Akisema hapana, tumekwisha wote wawili. Perpetua hakusema ndiyo wala hapana.

"Afande, hesabu za magunia na Busia hazijapatanishwa," alisema. "Barua hazisaidii tena. Lazima mtu aende."

Kapteni alinitazama mimi, akamtazama yeye. Aligonga mhuri, akaupuliza wino kama mtu anayepoza uji.

"Aende na Sadiki," alisema. "Mpatanishe vizuri. Msiharakishe."

Nimalize kwanza habari za Kapteni, kisha twende Busia. Perpetua alipokuwa akitoka, Kapteni aliniambia nibaki, akanituma nimtafutie mtihani ule unaokataa watu. Nikaandika London, wakaleta mihtasari ya masomo, akanunua vitabu. Siku ya mtihani wa sehemu ya kwanza alikwenda ukumbini Jinja akiwa amevaa shati la kiraia, akaketi kati ya makarani, akiwa na nambari badala ya jina. Alifeli utunzaji wa vitabu. Kikaratasi kilipofika aliniita, akanionyesha, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu mpaka machoni. Alikiweka chini ya kioo cha meza. Muda wote huo, katika daftari la mahudhurio, jina la Perpetua lilisomeka yuko safari ya kikazi, kwa mwandiko wa Kapteni mwenyewe. Kisha siku moja lilikuja gari kumchukua Kapteni, wakasema amehamishwa kaskazini. Sikupata habari zake tena. Mkubwa aliyemrithi aliniambia nisafishe ofisi. Cheti chenye lakiri kilikuwa bado kimetundikwa ukutani. Chini ya kioo cha meza hapakuwa na kitu. Kikaratasi chake alikuwa amekichukua.

Busia, basi. Tuliondoka Tororo kwa lori la chokaa, mimi, Perpetua na dereva, pamoja na barua ya safari iliyosema tunakwenda kupatanisha hesabu za magunia. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliisoma barua, akapanda juu, akayapigapiga magunia, akashuka mweupe mpaka nyusi. Aliuliza mama huyu ni nani. Nikasema ndiye mwenye hesabu. Perpetua alikuwa amebeba mkoba wa ofisini tu, na ndani yake mafaili. Nguo alivaa alizokuwa nazo. Akatupungia tupite.

Ghala la wakala lilikuwa hatua chache baada ya forodha ya Kenya. Bwana Odhiambo alikuwa mtu mrefu wa Kisumu, mwenye miwani na sauti ya chini. Alitukaribisha viti, akaagiza chai yenye maziwa, kitu ambacho kwetu kilikuwa kimeshakuwa adimu. Nilimweleza shida yetu nikamwekea fomu mbele yake. Aliisoma yote, upande wa mbele na wa nyuma. Kisha akaifunika kalamu yake.

"Ndugu yangu," aliniambia, "mtoto wa dada yangu alinijia na fomu kama hii nikamkatalia, na mamake hanisalimii mpaka leo. Sahihi hii inasema nimeiona kazi ya mtu huyu. Kazi ya P.N. nimeiona, tena imenizeesha. Lakini huyu mama simjui. Watu wanavuka hapa kila siku na karatasi za watu wengine. Nitajuaje?"

Alikuwa na haki. Ningekuwa yeye, ningeuliza hivyohivyo. Kitambulisho kilikuwepo, lakini kitambulisho chenyewe kilitoka Uganda, na tulijua wote wawili jinsi vya kwetu vinavyopatikana. Nilianza kueleza, yeye akainua mkono. Alikuwa akimtazama Perpetua.

"Haya, mama. Tuyamalize kiungwana," alisema kwa upole. "Yale magunia yaliyopasuka, tugawane. Nusu mbebe ninyi, nusu tubebe sisi. Ukikubali, natia sahihi hapahapa."

Mimi moyoni nilishayagawa. Ningempa yote na lori juu yake. Watoto wa mwanamke huyu walikuwa kwa bibi yao, mwendo mfupi tu kutoka pale, na kilichobaki ni neno moja. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

Perpetua aliuvuta mguu wake.

"Hapana, Bwana Odhiambo," alisema. "Siwezi kuandika hivyo. Magunia yalipita mizani ya forodha yakiwa na uzito kamili, risiti za mizani ninazo humu. Lililopasuka njiani lingepungua uzito. Yalipasukia kwenu, na nadhani ni kwa sababu mnayarundika juu mno. Hata sasa nayaona kupitia mlango ule. Ya chini yamebonyea."

Bwana Odhiambo aligeuka akatazama mlangoni, rundo la magunia lilivyofika karibu na mabati. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ndiye," alisema, akafunua kalamu. "Miaka mitatu na zaidi ananisumbua. Ndiye mwenyewe."

Akatia sahihi. Perpetua aliichukua fomu, akaipuliza, akaiingiza kwenye mkoba. Nilidhani tumemaliza, nikainuka. Yeye akatoa karatasi ya upatanisho wa hesabu, akaisukuma mezani, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi ya pili, ya magunia. Bwana Odhiambo alicheka peke yake, akatia na hiyo.

Tuliagana mlangoni pa ghala. Perpetua alinishukuru kwa maneno machache, akashika njia ya kwa mama yake bila kugeuka, akitembea kama karani anayekwenda kula chakula cha mchana. Kisumu walimpokea, na London, baada ya barua zao za polepole, walimpelekea cheti. Anasema ni kidogo, hakina utepe.

Nilirudi Tororo na dereva na lori tupu. Niliweka karatasi ya upatanisho mezani kwa Kapteni. Aliisoma mpaka mwisho. Hakuuliza nilirudi na nani.

"Hasara ya magunia ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Ya kwao, afande."

"Nilijua," alisema, akaigonga mhuri.